Kayaki ya Kukunja: Chombo cha Mtu Asiye na Pa Kuweka Chombo

Leo tuanze na swali dogo tu: ukipewa mtumbwi bure, utauweka wapi?

Mimi swali hili lilinikuta nikiwa kwenye utafiti wa shahada ya uzamili. Nilihitaji sampuli za maji kutoka katikati ya bwawa, kila baada ya wiki mbili, na pesa ya kukodi boti ilikuwa inakula posho yangu ya utafiti kama mchwa. Nikajiambia, si nitengeneze chombo changu? Fundi seremala namfahamu, mbao zipo. Halafu nikakumbuka ninapoishi: chumba kimoja, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, na usafiri wangu ni daladala. Konda anagombana na mama mwenye ndoo ya dagaa, sembuse kijana mwenye mtumbwi wa mita 5!

Ndipo nikaanza kusoma kuhusu kayaki ya kukunja. Kwa lugha rahisi, ni mtumbwi mwembamba wenye mifupa inayochomolewa vipande vipande na ngozi inayokunjwa kama turubai. Ukimaliza safari unaufungua, unauweka kwenye begi, unarudi nyumbani. Mwanzoni nilidhani ni mchezo wa matajiri, maana zile za dukani bei zake zinatisha. Lakini nilipofuata historia yake nikakuta jambo ambalo sikulitarajia: chombo hiki kilitokana na mwanafunzi, tena kwa sababu ileile iliyokuwa inanisumbua mimi.

Wenye kayaki yao

Kabla ya kufika kwa huyo mwanafunzi, tuwape heshima wenyewe. Neno kayaki linatokana na "qajaq", neno la Wainuit, watu wa nchi za barafu za Greenland, Kanada na Alaska. Kule miti haioti, au ipo michache sana. Sasa mtu anayetegemea kuwinda sili baharini atachonga mtumbwi kwa mti gani?

Jibu lao lilikuwa la akili sana. Waliokota mbao zilizosukumwa ufukweni na mawimbi, wakatengeneza fremu nyepesi, na badala ya misumari wakafunga maungio kwa kamba za ngozi. Juu ya fremu wakavalisha ngozi za sili. Wanawake ndio walioshona ngozi hizo, kwa mshono ambao sindano haitobozi ngozi mpaka upande wa pili, ili maji yasipate njia. Bila mshono huo hakuna kayaki, kuna chujio tu.

Tena kayaki ilipimwa kwa mwili wa mwenyewe, kama suti ya harusi. Kwa desturi moja inayojulikana ya Greenland, urefu wake ni kama mara tatu ya urefu wa mikono yako ukiinyoosha pande zote mbili. Kwa hiyo kayaki ya jirani yako haikuwa lazima ikufae wewe.

Angalia kitu kimoja hapa, maana tutakirudia. Sisi wa ukanda huu tumezoea mtumbwi wa kuchonga: unachukua gogo, unaondoa usichokitaka, kinachobaki ni chombo. Ubavu wa gogo ndio nguvu na ndio kizuizi cha maji kwa wakati mmoja. Kwenye kayaki ya Wainuit kazi hizo mbili zimetenganishwa. Fremu inatoa umbo na nguvu, ngozi inazuia maji. Na vitu viwili vilivyotenganishwa kikazi vinaweza pia kutenganishwa kwa mikono, ukataka. Wazo la kukunja lilikuwa limejificha humo tangu zamani.

Mwanafunzi, mianzi na treni

Sasa twende Ujerumani, mji wa Munich, mwaka 1905. Kuna mwanafunzi wa usanifu majengo anaitwa Alfred Heurich. Anapenda mito inayoshuka kutoka milima ya Alpi, lakini mito hiyo ina tabia moja: inakimbia upande mmoja tu. Ukishuka nayo kwa mtumbwi, utarudije juu? Kuna treni, lakini treni ya abiria haipakii mtumbwi.

Heurich akatengeneza fremu ya mianzi na kuivalisha kitambaa kizito cha turubai. Akakiita chombo chake "Luftikus", neno la Kijerumani la utani kwa mtu asiyetulia. Mwezi Mei 1905 alishuka nacho mto Isar kutoka mji wa Bad Tölz hadi Munich. Chombo kikakunjika, kikabebeka, na tatizo la treni likaisha.

Naomba utulie kidogo kwenye neno mianzi. Hakutumia chuma cha kisasa wala mbao za bei. Alitumia kitu chepesi chenye tundu katikati, ambacho kwa uzito wake ni kigumu sana kupinda. Mhandisi wa leo akikwambia bomba lina ugumu mkubwa kuliko fimbo nene yenye uzito uleule, anakueleza kitu ambacho muanzi umekuwa ukikifanya shambani siku zote.

Miaka miwili baadaye, 1907, haki za kutengeneza chombo hicho zilinunuliwa na Johann Klepper wa mji wa Rosenheim. Unajua Klepper alikuwa nani? Fundi nguo. Cherehani, nyuzi, vitambaa. Ukifikiria vizuri utaona inaingia akilini: sehemu ngumu ya kayaki ya kukunja ni ile ngozi, na mtu anayejua ngozi ya kitambaa ni fundi cherehani. Wainuit walishalijua hilo, kwao mshonaji alikuwa nusu ya chombo.

Klepper akaboresha, akafungua kiwanda, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza biashara ikapamba moto. Vijana wa mjini wasio na gari wala nyumba ya pembeni ya mto walipanda treni mwisho wa wiki na mabegi yao makubwa, wakashuka juu milimani, wakaunga mifupa, wakarudi na maji. Mwaka 1936, kwenye Olimpiki ya Berlin, kukawa na mashindano ya kayaki za kukunja ya mita 10,000, kwa mtu mmoja na kwa watu wawili. Mashindano hayo hayakurudiwa tena kwenye Olimpiki.

Kwa nini haizami wala haivunjiki?

Hapa wengi huuliza: hivi kweli kitambaa na vijiti vinambeba mtu mzima?

Tupige hesabu pamoja. Tuseme mtu ana kilo 65, kayaki kilo 15, mizigo kilo 10. Jumla kilo 90. Kanuni ya Archimedes inasema chombo kinachoelea kinasukuma maji yenye uzito sawa na wake, na lita moja ya maji baridi ni takriban kilo 1. Kwa hiyo kayaki yetu inahitaji kusukuma lita 90 tu. Ikiwa ina urefu wa mita 5 na upana wa wastani wa sentimita 45 pale inapogusa maji, itazama kwa wastani wa sentimita 4. Ndiyo, 4! Katikati itazama zaidi na nchani kidogo, lakini umeona hoja yenyewe. Maji hayajali kama umetumia mninga au turubai. Yanachotaka ni nafasi.

Kinacholeta shida ni umbo. Kitambaa peke yake hakina umbo, na vijiti peke yake vinacheza. Ila ukivuta kitambaa kikakaza juu ya vijiti, kitambaa kinavutika, vijiti vinabanwa, na vyote kwa pamoja vinakuwa kitu kimoja kigumu. Fikiria ngoma: ngozi iliyolegea hailii. Au hema: bila kukaza kamba ni shuka tu. Nguvu ya kayaki ya kukunja inatoka kwenye mvutano huo.

Na hata ikikazwa bado inajipinda kidogo na wimbi. Watu wa pwani wanaweza kukumbuka mtepe, jahazi la kale la visiwa vya Lamu, ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari. Mtepe na kayaki hazina undugu wowote wa kihistoria, kila kimoja kina wazee wake. Lakini mafundi wa pande zote mbili waliujua ukweli mmoja: maungio yanayocheza kidogo hayakatiki haraka kama yale yaliyokakamaa.

Walivyokwenda nayo mbali

Ukiwa na chombo kinachobebeka, hatari ni kwamba utaanza kuota ndoto kubwa. Nikupe watu watatu.

Wa kwanza ni Oskar Speck, fundi umeme Mjerumani. Mwaka 1932 Ujerumani ilikuwa na watu wapatao milioni 6 wasio na kazi, na yeye alikuwa mmoja wao. Akasikia kuna kazi kwenye migodi ya shaba huko Kupro. Akachukua kayaki yake ya kukunja, akaanzia mji wa Ulm kwenye mto Danube, akiwa na miaka 25. Kupro alifika, lakini kasia likamnogea. Akapitia Syria na mto Frati, Ghuba ya Uajemi, pwani ya India, Burma, visiwa vya Indonesia ya leo, hadi Guinea Mpya. Alipofika kisiwa cha Saibai, mpakani mwa Australia, ilikuwa Septemba 1939, zaidi ya miaka 7 tangu aondoke na takriban kilomita 50,000 nyuma yake. Vita ilikuwa imeanza wiki chache kabla. Mjerumani kwenye ardhi ya Australia alikuwa adui, basi akawekwa kizuizini mpaka vita ikaisha. Baadaye akabaki hukohuko Australia.

Wa pili ni Franz Romer. Mwaka 1928 alivuka Bahari ya Atlantiki kwa kayaki ya Klepper iliyotengenezwa maalumu kwa safari hiyo. Kutoka visiwa vya Kanari hadi Karibi alitumia siku 58. Alifika salama. Kisha akaondoka tena kuelekea New York wakati wa msimu wa vimbunga, na hakuonekana tena.

Wa tatu ni Hannes Lindemann, daktari Mjerumani aliyewahi kufanya kazi Liberia. Yeye alitaka kujua mwili na akili ya mtu aliyepotelewa na meli vinastahimili nini. Mwaka 1955 alivuka Atlantiki kwa mtumbwi wa kuchonga wa Kiliberia aliouwekea tanga. Mwaka 1956 akarudia, mara hii kwa kayaki ya kukunja ya kawaida ya kiwandani, yenye urefu wa mita 5.2. Siku 72 baharini, peke yake. Aliwahi kupinduka usiku, akakaa amelala juu ya mgongo wa kayaki iliyogeuka hadi kulipokucha.

Kwa nini kayaki ile haikwenda chini? Aina hiyo, iitwayo Aerius, ilikuwa na mirija mirefu ya hewa iliyopita kwenye kingo zote mbili, ndani ya ngozi. Ukiipuliza inafanya kazi mbili: inakaza ngozi, na inaifanya kayaki ielee hata ikijaa maji. Shika hilo.

Ilipokwenda vitani

Si kila aliyepanda chombo hiki alikuwa anatafuta kazi au majibu ya kitaalamu. Tarehe 7 Desemba 1942, nyambizi ya Uingereza HMS Tuna iliibuka usiku karibu na mdomo wa mto Gironde, Ufaransa. Ndani mlikuwa na mitumbwi sita ya turubai yenye sakafu ya plaiwudi, inayobonyea ikawa bapa ili ipite kwenye mlango wa nyambizi. Mmoja ulichanika ngozi wakati wa kutolewa nje, watu wake wawili wakabaki. Kumi waliobaki wakapiga kasia usiku na kujificha mchana, wakielekea bandari ya Bordeaux kutega mabomu kwenye meli za Wajerumani. Meli kadhaa ziliharibiwa kweli. Lakini katika wale kumi, wawili walikufa kwa baridi, sita wakakamatwa na kuuawa, na wawili tu walirudi nyumbani: Herbert Hasler na Bill Sparks.

Wale wawili waliobaki kwenye nyambizi waliokolewa na mchaniko wa turubai. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara nanyamaza kidogo.

Kurudi nyumbani

Baada ya vita, wazo likaanza kurudi lilikotoka, yaani mikononi mwa watu wasio na pesa. Katika Muungano wa Kisovieti, mahali ambapo kununua chombo dukani hakukuwa rahisi, wapenzi wa mito walitengeneza zao nyumbani kwa mabomba ya aluminiamu na kitambaa chenye mpira. Leo watengenezaji wa nyumbani duniani wamekubaliana karibu kwenye kanuni moja: mabomba ya aluminiamu kwa mifupa mirefu, turubai la PVC kwa ngozi, na mbavu zilizokatwa kwenye plastiki ngumu, ileile inayotengenezwa mbao za kukatia mboga.

Nilipoona orodha hiyo nilicheka. Turubai la PVC ndilo lile la kufunikia malori! Mafundi wa kulishona na kuligundisha tunao kila mji. Mbao za plastiki ziko kwenye maduka ya vyombo. Mabomba yapo kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, na wanakuuzia hata mabaki.

Kwa hiyo nikajenga. Ilinichukua miezi miwili ya mwisho wa wiki, na gharama yote haikufika safari nne za kukodi boti. Nikampelekea msimamizi wangu picha kwa furaha. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Ukizama, nani atawajibu wazazi wako?"

Niliudhika, sikufichi. Lakini nilikwenda kuijaribu kwanza mahali maji yanaponifika kiunoni, nimevaa jaketi la kuokolea, rafiki yangu akiwa amesimama pembeni. Nikaingia, nikakaa, nikapiga makasia matatu. La nne, bomba la ubavuni likachomoka kwenye ubavu wake, kingo ikabonyea ndani, maji yakaingia kama mgeni aliyekaribishwa. Sekunde kumi hivi nikawa nimesimama kwenye matope, kayaki imejikunja kama ndizi mbivu.

Kosa lilikuwa nini? Niliikata ngozi kubwa mno. Ngozi ilikuwa imelegea, hakukuwa na mvutano, na bila mvutano vijiti havikuwa na sababu ya kukaa mahali pake. Yale niliyokueleza hapo juu kuhusu ngoma na hema nilikuwa nimeyasoma na kuyaelewa. Kuyaelewa na kuyashona, kumbe ni vitu viwili.

Nikarudi kwa fundi wa maturubai, mzee mmoja aliyefunika malori tangu kabla sijazaliwa. Nilimweleza habari za fremu na mvutano kwa maneno mengi ya kitaalamu. Akanisikiliza, akabonyeza turubai kwa kidole gumba, akasema, "Mwanangu, hii uliikata kama unakata shuka. Ngozi ikatwe ndogo kuliko mwili, halafu mwili ndio uisukume." Akaipunguza, akaacha nafasi ya kupitisha mirija miwili ya hewa kwenye kingo. Nilipoipuliza, kayaki ikalia dum! nilipoipiga kwa kiganja.

Sasa hivi naitumia, karibu na ukingo, siku isiyo na upepo, jaketi mwilini na mtu akiniangalia kutoka nchi kavu. Katikati ya bwawa bado nakodi boti pale upepo unapokuwepo. Msimamizi wangu alikuwa sahihi, na nimemwambia hivyo.

Ukitaka kujaribu na wewe, shika mambo manne. Jifunze kuogelea kwanza. Weka hewa ndani ya chombo, iwe mirija au mifuko iliyofungwa vizuri mbele na nyuma, maana kayaki ya ngozi iliyojaa maji haina huruma. Ijaribu kwenye kina kifupi, uipindue kwa makusudi, uone unatokaje. Na usimdharau fundi cherehani.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka ubaki nalo. Ukisoma historia fupi ya kayaki ya kukunja utakutana na majina ya Heurich na Klepper, na wanastahili. Lakini wanawake wa Greenland walioshona ngozi bila kuitoboa hawakuandikwa jina, na yule mzee wa maturubai aliyeiokoa kayaki yangu kwa kidole gumba hataandikwa kwenye tasnifu yoyote. Angalau hapa nimemtaja, ingawa alinikataza nisiweke jina lake. Alisema wateja wa malori wanamtosha.

Begi langu liko nyuma ya mlango, limesimama kama gunia la mkaa. Konda wa daladala ameshalizoea. Juzi aliniuliza humo ndani kuna nini, nikamwambia mtumbwi. Akacheka sana, akanitoza nauli ya kawaida.